Wamewala Kuku wa Darasa Lako

Dada Nyemo,

Ningeanza na shikamoo kama siku zote, ila leo salamu itatoka na mate. Kesho asubuhi mwalimu wenu mkuu anataka niende na ndoo ya chokaa, nifute ukuta wa darasa lako la tano. Ule ukuta wa ukoo wa kuku. Ngoja nikueleze vizuri, najiona nakimbia.

Tangu tukuzike mvua imepiga mara moja tu ikapotea. Mtama wa mama kule Mvumi umesinyaa. Mama mwenyewe anakula kidogo, anasema chumvi imezidi hata kama hakuna chumvi. Mimi bado nachora mabango hapa Kizota. Wateja bado wananiuliza nimesomea wapi, nawajibu nimesomea ukutani.

Sasa kuku. Unakumbuka uliponiita? "Mbeleje, njoo na brashi zako. Natakiwa nifundishe familia na urafiki, na mimi sitaki kuwaimbisha watoto ubaoni." Ukachukua watoto wanaopigana, kila wawili ukawapa kuku mmoja wampe jina la ndugu. Chilewa na Asha, waliokuwa wanarushiana mawe, wakapata mtetea mwekundu wakamwita Shangazi. Nilicheka mpaka nikamwaga rangi. Pumba wanaleta kutoka kwao, maji kwa zamu, na mwenye zamu akisahau, mwenzake naye anajibu mbele ya darasa. Kila kuku nikamchora ukutani, na vifaranga wakitotolewa tunawachora chini ya mama yao. Kuku akifa, wanaandika amekufa na nini. Baadaye Chilewa akawa anamsubiri Asha getini ili waingie bandani pamoja. Wewe uliniminya mkono tu.

Basi shule ikaamua kukufanyia kumbukumbu. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikakuchorea bango la jina lako. Nafika getini, nasikia harufu ya mchuzi. Nyuma ya jiko, manyoya. Yamelowa, mengine mekundu. Nikamfuata mwalimu mkuu, akanijibu huku anajipepea na kofia: "Kuku ni wa mwalimu, shughuli ni ya mwalimu. Ulitaka wageni wale mlenda?"

Watu wakacheka. Walicheka, dada.

Na Shangazi alikuwa anaatamia! Walimnyanyua juu ya mayai. Mayai wakayapasua wayakaange, wakakuta vifaranga ndani, wakawatupia mbwa. Mpishi alinisimulia kama mzaha.

Watoto wakaimba wimbo wa kukuaga, halafu wakapangwa foleni na sahani. Asha akaiangalia nyama yake, akaniuliza, "Dada, huyu ni nani?" Hakuuliza hii ni nini. Huyu ni nani. Nilienda kutapika nyuma ya choo.

Narudi, namkuta mwalimu mkuu ameletewa firigisi, kama baba mwenye nyumba. Anaitafuna taratibu, midomo inang'aa. Akasimama mdomo ukiwa bado umejaa, akaanza kuhutubia uwajibikaji. Uwajibikaji! Eti marehemu alitufundisha kutunza tulichopewa. Mafuta yanamshuka kidevuni, na wageni wanapiga makofi.

Hakuna mtoto wa darasa lako aliyekula. Mwalimu mkuu akawaita wana kiburi.

Juzi ndiyo akanipigia simu. Wageni kutoka wilayani wanakuja, ukuta ule "unaleta maneno", niufute, pale nichore ua na jina lako. Ua! Nikamjibu sawa, maana pumzi zilikuwa zimeniishia.

Leo mchana Chilewa na Asha wamenifuata kazini, vumbi mpaka kwenye kope. Mwalimu mkuu ameshawaambia habari ya chokaa, na atakayegusa ukuta atakula fimbo.

"Sisi hatutaki kuugusa," Chilewa akasema. "Tunataka kuumalizia."

Wakaniomba rangi. Nikasema haya, tutaandika Shangazi amekufa. Chilewa akanikodolea macho. "Hajafa, dada. Ameliwa. Andika na waliomla."

"Kwanza andika alikuwa na mayai," Asha akamkatiza.

"We nawe! Mayai yanakaa chini yake, si juu!"

"Chini ndiyo wapi? Kwani uliyataga wewe?"

Mpaka sasa wanagombana hapo nje kwenye kivuli cha mabati yangu, na kopo la rangi wamelishika wote wawili, hakuna anayeachia.

Nimempigia mwalimu mkuu, nimemwambia chokaa sileti. Akaniambia nisikanyage shuleni kwake tena na kazi zote za pale nizisahau. Nikakata simu.

Pumzika, dada yangu. Huko uliko usiwaone wale watu, watakuchafua macho. Nakuahidi hivi: kesho kabla ya kengele tunaingia darasani kwako. Watoto watanitajia, mimi nitaandika, kwa mkono wangu, ili fimbo isiwafikie. Kila kuku, na walivyomfanya. Firigisi nayo itaandikwa, na aliyeila. Na kule chini kwenye kona, pale ninapowekaga namba ya simu nikichora bango la duka, nitaweka jina langu zima, jekundu. Akitaka kujua ni nani, asome.

Mdogo wako,
Mbeleje