Mama Mkwe Bandani kwa Kuku

Kadra, uko? Acha unachofanya usome hii.

Nimetoka sasa hivi kwa jirani yangu Kanze, tulikuwa tunaangalia kile kipindi chetu cha vichekesho. Yule mlevi wao unajua hanichekeshi, kazi yake ni kuanguka tu. Mimi hupenda yule mama mkwe.

Leo mume wa binti yake amekuja bila kupiga simu. Mama akakimbilia banda la kuku wasionane, si ndiyo heshima? Mkwe akaketi. Akaletewa chai. Akaletewa wali. Mama bado yuko na kuku!

Kanze alicheka mpaka machozi. Hata mimi nilicheka. Mpaka mama akatoka na manyoya kwa buibui akasema, "Nilikuwa nahesabu mayai."

Nahesabu mayai, Kadra!

Hayo ni maneno yangu, siku mkwe wangu Wario alikuja kwangu ghafla na binti yangu. Nilikuambia wewe peke yako.

Majina yakapita mwishoni. Aliyeandika ni Mukhtar. Mukhtar binamu yako wa Kipini.

Na wametangaza wiki ijayo mama mkwe anaenda harusini.

Kadra. Ile yangu ya harusini pia ulimwambia?