Joto la Tuta la Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Leo kaniuliza tena! Bwana Felisiani, mkuu wetu hapa kituo cha utafiti, kasimama kwenye matuta yangu, mikono nyuma: "Ndugu Kulsumu, joto hili linajaza madebe mangapi?" Nikamsomea vipimo vya asubuhi.

Matuta ishirini na nne ya duara, ya Kifipa hasa — nyasi chini, udongo juu, maharage yalishavunwa zamani. Tangu Februari natia kipimajoto asubuhi na alasiri, naandika. Kwa nini? Kwa sababu siku moja nilichomeka mkono ndani nikakuta joto kama la chapati zilizofunikwa kitambaa. Basi. Nilitaka kujua. Kituo ni cha mahindi, mimi niliomba pembe moja tu ya shamba.

Sasa amri: mvua ikishuka, pembe yangu inasawazishwa, inapandwa mahindi. Jumamosi ya tarehe 15 anakuja mkaguzi wa mkoa. Ndiyo wito wa serikali: kilimo cha kufa na kupona.

Nikisema namchukia nitakuwa mwongo. Mwaka jana alipanga foleni ya unga wa njano wa msaada wa njaa na wanawe wanne. Kitinda mimba walimzika Agosti. Mtu kama huyo akihesabu madebe, nimlaumu vipi?

Jumatano, 5 Novemba

Nilishuka mjini, dukani kwa baba. Kawaambia wateja: binti yangu ni daktari wa matuta, anayapima homa! Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka — inauma, lakini inachekesha.

Mama peke yake ndiye aliyeuliza: na homa yenyewe inashuka? Nikamwambia yote yalishapoa tangu Mei, isipokuwa namba kumi na saba. Nyuzi sita zaidi ya wenzake. Miezi tisa! Nyasi zilishaoza zikaisha. Sasa kuna nini humo?

Si ufukue uone, akasema. Siwezi. Nataka mvua ya kwanza iingie tuta lenyewe likiwa zima, nione joto litafanya nini. Nikifukua leo nimeshaharibu.

Jumapili, 9 Novemba

Upepo na vumbi. Kipimo cha asubuhi hakuna — nililala! Aibu. Alasiri, kumi na saba: nyuzi 31. Mengine 25.

Jumatano, 12 Novemba

Nilimfuata ofisini. Nikamwomba tuta moja tu. Akasema aliyeshiba anaweza kuuliza lolote, mwenye njaa anauliza chakula. Nikamwambia hata hiyo mbegu yetu, kuna mtu alianza kwa swali la kipuuzi. Hayo ya vitabuni, akasema.

Nilipofika mlangoni: "Moja. Mpaka mkaguzi afike." Nimeruka njia nzima kama mwana mbuzi!

Ijumaa, 14 Novemba

Sijui niandike nini.

Nilikuwa mjini kwenye hitima ya bibi. Nikarudi alasiri, kwa mbali nasikia wanawake wanaimba. Nafika — shamba tambarare. Matuta yangu! Mama Dominika, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, na wenzake wanane, majembe begani, jasho linawatoka, wananichekea.

Huku, mvua iko mlangoni na matuta hujayasambaza — ni fedheha ya nyumba nzima. Wameniona kila siku nazunguka na kijiti changu cha kioo, silimi. Wakanihurumia: binti wa watu, peke yake, hana wa kumsaidia. Wakaja. Tena pombe ya ulezi wameiacha nyumbani kwa heshima ya dini yangu, wamebeba togwa.

Nililia. Wakadhani ni furaha. Mama Dominika akanikumbatia: "Nyamaza, mwanangu. Ndiyo ujirani huo." Nikanywa togwa yao. Ningefanya nini? Ilikuwa tamu.

Kisha akanivuta mkono mpaka pembeni. Tuta moja limesimama, jembe lake limelala kando. "Hili nimeliacha. Nilitia mkono ning'oe mzizi — lina moto! Tangu niolewe nalima matuta, sijaona. Kuna nini humo, mwanangu?"

Mama wa miaka sitini na ushee, macho yanamng'aa. Hakuuliza linazaa nini. Nikahesabu kwa hatua, tangu pale lilipokuwa tuta la kwanza. Kumi na saba!

Jumamosi, 15 Novemba

Saa nne. Naandika hapa hapa, chini ya banda. Matone ya kwanza — makubwa! Gari la mkaguzi limesimama barabarani. Mama Dominika kafika tangu alfajiri, kakaa kando ya tuta, kanga kichwani, hataki kuondoka.

Bwana Felisiani kapita na gunia la mbegu begani, jembe mkononi. Hakunitazama. Mama Dominika kamwambia: "Baba, kabla hujalipiga, gusa kwanza." Nikajua atamkaripia.

Katua gunia. Kapiga goti kwenye udongo unaolowa, na suruali yake ya ukaguzi! Kachomeka mkono mpaka kiwiko.

Mkaguzi kapiga honi. Kapiga tena. Gunia linalowa. Namwita Bwana Felisiani, haitiki. Mkono hajautoa.