Mashine Uliyoisubiri, Mama

Mama yangu,

Wananiambia nisamehe ili upumzike. Siwezi. Nakuandikia nikiwa na hasira zangu zote.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa unapikia wachukuzi wa Kariakoo wali na maharage, na mkaa ukimeza faida yote. Siku moja ukatazama lundo la vifuu nyuma ya wakuna nazi, ukasema, "Hivi vinatupwa, halafu tunamaliza miti ya watu huko shamba?" Tukavichoma kwenye pipa lenye mfuniko pamoja na maranda ya maseremala. Ukavitwanga, tukachanganya na uji wa muhogo, tukafinyanga vidonge vya mkaa, tukaanika. Vya kwanza vilimong'onyoka jikoni, ukacheka mpaka ukakaa chini. Vilivyofuata viliivisha sufuria nzima bila moshi, na akina mama wenzako wakaja kujifunza.

Ila kutwanga kulikuumiza. Vumbi lile jeusi lilikuingia kifuani. Daktari alikukataza, nawe ukamwuliza, "Nikiacha, nipikie nini?"

Ndipo wakaja watu wa mradi. Wakakupiga picha umeshika mkaa wako, wakaleta mashine ya kusaga na kushindilia. Mwenyekiti wa mtaa akaifungia stoo, imezungushiwa utepe, eti mpaka aje mgeni rasmi kuizindua. Ulimwendea mara ngapi, mama, umevaa baibui lako zuri?

"Vuta subira, mama. Mgeni rasmi ana ratiba yake."

Ukarudi nyumbani, ukashika mchi. Kikohozi kikakuzidi, ukafa mashine ikiwa mpya.

Yule bwana mwenyekiti alikuja msibani, mama. Alisimama mbele ya watu akakuita mwanamke wa mfano! Shangazi alinishika mkono, la sivyo ningemtoa kwa maneno ambayo hukunifunza wewe.

Matanga yalipoisha nilikwenda ofisini kwake na Bi Zuhura, jirani yetu, na mama lishe wenzako.

"Tumefuata mashine," nikamwambia.

"Haijazinduliwa, binti."

"Fungua mlango."

"Utaratibu—"

"Utaratibu umemzika mama yangu. Fungua!"

Bi Zuhura akaketi mlangoni pake, wengine wakaketi naye. Watu walipoanza kujaa nje, mwenyekiti akatoa ufunguo. Nikaukata ule utepe kwa kisu chako cha vitunguu, tukaibeba wenyewe mpaka uani.

Ilipowashwa, wenzako walipiga vigelegele. Mimi nilishindwa. Kazi yako ya asubuhi nzima iliisha kabla chai yangu haijapoa. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Nikaenda kulia chooni, na nilipotoka Bi Zuhura akaniambia tu, "Lete vifuu vingine, mwanangu."

Nikaleta. Sasa tunapika wote kwa mkaa wako, na hakuna anayetwanga.

Pumzika, mama. Yule bwana hunipungia mkono kila akinipita. Sijamwitikia, na usinidai hilo.

Binti yako