Baba Si Mvivu

Tengeru, 12 Agosti 1995

Kaka Rodrick,

Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa dume, na mama anakushukuru kwa kitenge.

Barua yako nilimsomea baba kwa sauti, kama ulivyoagiza. Laiti ningeipitia kwanza! Nilipofika pale uliposema kwamba tangu apunguzwe kazi kiwandani amekuwa mvivu, ajitume kama wenzake, neno lilikuwa limeshanitoka. Baba alichukua panga akaenda shambani, akaanza kuikata mibuni aliyoipanda mwaka uliozaliwa wewe. Mama alimlilia aache. Alikata mpaka viganja vikachubuka vikatoka damu, huku akisema, "Mwandikie Rodrick. Mwambie leo nimefanya kazi."

Mvivu? Mwaka mzima halali, chakula kinamshinda, na kila asubuhi anavaa ovaroli yake, anafika mlangoni, miguu inakataa. Daktari alituambia huo ni ugonjwa wa mawazo. Nilikuandikia hayo mara mbili, ukanijibu kwa mahubiri.

Basi, nimekuandikia kama baba alivyoniagiza. Mahubiri mengine sitamsomea. Ukiwa bado unayo, panda basi uje umwambie mwenyewe, usoni.

Mdogo wako,
Elinaza