Habari Niliyomkatia Mama Yako

Ndugu yangu Bonaya,

Natangaza rasmi, mbele ya mbu wote wa Garsen, kwamba nimefaulu mtihani wa Kiingereza wa ukarani. Mbuzi wa sokoni waliposikia hawakuacha hata kutafuna.

Kilichoniokoa ni kule kufupisha. Wakumbuka tulivyokuwa tukijifunza? Tukapewa kisa cha mkulima na daraja lake, kurasa mbili, tukiandike kwa sentensi nne. Mimi nikakata kama anayepogoa mgomba. Wewe ukarudisha karatasi tatu! Ukatia mvua, ukatia majani, ukatia na afya ya ng'ombe ambao mwenye kisa hakuwataja. Mwalimu akauliza ni nini hii, ukamjibu, "Bwana, kwetu Waorma anayekatiza habari ana jambo anaficha." Nikacheka hadi nikashika mbavu. Mjinga mimi.

Mto ulipokuchukua, ni mimi niliyepeleka habari kwa mama yako. Alinitandikia ngozi, akanipa maziwa, akangoja. Nilijua desturi yenu: mleta habari huanzia malishoni, apite njia yote, ndipo afike kwenye jambo lenyewe. Nami nikasema, "Mama, Bonaya amekufa maji." Basi. Akangoja. Kisha akauliza, "Habari imeisha?"

Nikasema imeisha.

Nasikia sasa kila mpita njia anayetoka mtoni, mama yako humketisha, humpa maziwa, humuuliza kama amemletea habari iliyobaki. Bonaya, silali vizuri.

Buriani, ndugu yangu. Ijumaa nakwenda tena kwake, na nakuahidi sitamkatia. Nitaanza na majani, kwamba yalikuwa mabichi hadi Chara. Nitamwambia mvua ilinyesha huko juu, mto ukajaa, mwenye kivuko akakataa kuvusha watu. Wewe ukasema tungoje maji yapungue. Mimi, Mpokomo niliyezaliwa majini, nikakucheka: "We mchunga ng'ombe, waogopa maji? Matokeo ya mtihani yako ng'ambo!" Ukaona haya, ukaingia. Mtumbwi niliuazima mimi, kasia nilishika mimi. Katikati tukapinduka. Ukanishika shingo, nikaona tutazama sote. Nikakubandua mikono, Bonaya, kidole kwa kidole. Ukaniita kwa jina. Nilisikia vizuri kabisa. Nikaogelea hadi ukingoni, wala sikugeuka.