Chungu Changu cha Pembeni

Heru Juu,
S.L.P. Kasulu,
Kigoma.
16 Februari, 1975

Mpendwa dada Esteri,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi na mvua. U hali gani wewe, na shemeji Kipriani na kazi yake ya reli? Watoto hawajambo? Yule mdogo alipona kikohozi? Mama alisema ulimpeleka hospitali, kisha kimya, nami nimekaa na wasiwasi. Huku mume wangu Makarius hajambo, mama mkwe ni mzima, mahindi yamesimama vizuri. Mimi, dada, nikisema sijambo nitakuwa nimekudanganya.

Mimba hii imeingia mwezi wa nane. Wale wawili waliotangulia unawajua: wakubwa, wanono, kila mtu akasema watoto gani wazuri hivi, na wote wawili hawakulia. Safari hii nilikwenda kliniki mapema. Kuna mkunga pale anaitwa Kuruthumu, Mmanyema wa Ujiji. Akachemsha mkojo wangu na dawa ya bluu, ukageuka rangi ya machungwa. Akaniambia nina sukari kwenye damu, na kwamba huenda ndiyo iliyowanenepesha wanangu na kuniulia. Dawa ya kwanza, alisema, iko jikoni kwangu.

Sikiliza alivyonipanga. Ugali wa muhogo usizidi ngumi yangu. Uji hapana, togwa hapana, ndizi mbivu hapana, asali hata ya kulamba hapana. Viazi vitamu ni vya kutazama tu. Nikamwuliza, sasa mtu wa Heru Juu atakula nini? Akacheka, akaanza kunifundisha kupika.

Na mwanamke yule anajua kupika, nisimnyime sifa yake. Majani ya lengalenga nayakaanga kwa mawese kidogo na kitunguu, halafu natia dagaa niliokwisha kuwakausha chunguni mpaka wanalia chini ya meno. Uyoga wa mvua hizi naupika na karanga za kutwanga, chumvi ya Uvinza na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Ngogwe, nyanya chungu zetu, naziponda na maharage machache. Mayai navunjia ndani ya kisamvu kikiwa kinachemka. Ungekuwepo ungelamba mwiko. Mkojo ukaanza kurudi kijani, hata siku moja ukabaki bluu ileile ya dawa, nikalia pale kliniki mbele za watu.

Lakini chakula hicho nilikuwa nakipika kwenye chungu changu pembeni, na balaa likaanzia hapo. Unajua mwenyewe, wanawake wa nyumba moja tunakula pamoja. Zamani, tulipokuwa mbalimbali kule migombani, ningepika hata mawe na hakuna ambaye angejua. Sasa tumehamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari, na jiko lako liko machoni pa jirani. Mke wa Bazilio akaona mioto miwili katika ua mmoja. Akaanza kuuliza watu kisimani, mkamwana anayejipikia peke yake anaogopa mkono wa nani?

Maneno yakamfikia mama mkwe. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliacha tu kuketi jikoni. Nikimweleza habari za sukari ananijibu kwamba ya dukani haijaingia nyumba hii tangu mwaka jana. Mayai ndiyo yaliyomchukiza zaidi, maana wanawake wa umri wake hawayagusi, na mjamzito akiyala eti mtoto huzaliwa hana nywele. Nikimwomba Makarius aseme neno, anakwenda kutengeneza baiskeli. Baiskeli ile sasa ni mpya kabisa.

Juzijuzi tukamaliza matanga ya marehemu baba mkwe. Ukoo wote ulikuja, hata wa kule Titye. Mama mkwe akatoka na kibuyu cha togwa ya ulezi aliyoitia asali, akaivuta yeye kwanza kwa mrija mbele ya wote, kisha akanielekezea mrija. Dada, hapo ungefanya nini? Kibuyu kilichoonjwa na mwenyewe, ukikikataa umemwita mchawi hadharani, tena siku ya kumaliza msiba wa mumewe. Nikainama nikanywa. Nikanywa mpaka chini, wanawake wakapiga vigelegele, na baada ya hapo sikuweza tena kurudi kwenye chungu changu bila kumtukana upya. Nikala ugali na wenzangu kama mtu wa kawaida.

Alhamisi Kuruthumu akachemsha tena. Ukawa mwekundu kama tofali. Akapima tumbo, akarudia kulipima, akamwita daktari. Mtoto amekuwa mkubwa kupita miezi yake. Wakasema nirudi Jumatatu na nguo zangu, nilazwe mpaka nijifungue.

Niliporudi nyumbani adabu ilikuwa imeniishia. Nikawaketisha Makarius na mama yake nikayamwaga yote. Makarius, nashangaa mpaka leo, akasema ni kweli, na yeye alielezwa palepale kliniki. Mama mkwe akatazama viganja vyake. Halafu akauliza, "Uji wa asali wa wale wawili niliupika mimi. Kwa hiyo niliwaua mimi?"

Neno hapana ni jepesi, lakini mdomo wangu ulikataa. Katika mimba zile alikuwa ananifuata na bakuli mpaka shambani, kila asubuhi, kwa mapenzi yake yote. Hilo ndilo linalonimaliza, kwamba hata wa kumchukia sina.

Tangu hapo anapika yeye. Jana alikwenda porini kwenye mvua kutafuta uyoga. Leo baada ya misa amepika kisamvu na mayai nje uwanjani, mahali ambapo mke wa Bazilio anaona vizuri. Akaonja kwanza yeye, yai ambalo hajapata kulitia mdomoni tangu azaliwe. Alilimeza amefumba macho, kisha akanipa bakuli. Chumvi ilikuwa sawasawa. Hakuna nilichopika mimi kilichofikia utamu ule.

Lakini mtoto, dada. Alikuwa ananipiga teke kila nikimaliza kula, mpaka bakuli linacheza juu ya tumbo. Tangu Ijumaa akawa anajigeuza kidogo tu, kama mtu mwenye usingizi, na leo tangu asubuhi sijamsikia. Makarius amekwenda misheni kuomba gari ili tusingoje kesho, na barua hii nitampa dereva aitie posta. Nimechoka, dada. Nimechoka kutumaini, na kuacha kutumaini pia siwezi.

Usiniandikie maneno ya kunipoza. Usiniambie Mungu amependa, nimeyasikia mara mbili. Panda treni uje. Kama ana uhai utamshika yeye, na kama hana utanishika mimi.

Nisalimie shemeji Kipriani, na mwanao Uwimana, na huyo mdogo mwenye kikohozi, umwambie mama mdogo anamwota. Mama Niyonsaba jirani yako naye mpe salamu zangu, sijasahau alivyonipokea nilipokuja huko. Mama mkwe anakusalimu. Amekaa hapa kando yangu na bakuli, amenishurutisha nimalize. Kila nikimeza anatazama tumbo langu, halafu ananitazama usoni, nami natikisa kichwa.

Mungu awatunze nyote huko Tabora, na akipata nafasi aangalie na huku kwetu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Theodosia