Siku Karani Alipokuja Kumtazama Mama Mkwe

Kihanga, Jumatano jioni

Mvua ilinyesha alfajiri, ikaacha, na sasa jua linawaka juu ya migomba utadhani halina habari ya matope yaliyobaki huku chini. Miguu imenichoka, mikono inanuka nyasi, na nina furaha. Niandike sasa ndizi zikiwa bado motoni, maana nikishakula nitalala fofofo.

Mama mkwe amesamehewa kodi.

Naandika tena ili niamini mwenyewe: nyumba ya mama mkwe haitabomolewa.

Kodi yetu ni ya nyumba. Kila nyumba inayofuka moshi, serikali inadai chake. Kashaija, mume wangu, analipa ya kwetu, na tangu baba mkwe afariki amekuwa akilipa na ya mama yake, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa kibanja, yaani shamba letu la migomba, kwenye migomba ya zamani. Mwaka huu mibuni imetuangusha. Kashaija alikuna kichwa siku nyingi, mwisho akalisema lile ambalo hakuna aliyetaka kulisema: mama akinyimwa msamaha, tutaibomoa nyumba yake ili isidaiwe, naye atahamia chumba chetu cha nyuma.

Mama aliposikia hakulia. Alisema tu kwamba akihamia kwetu ndipo atakapokuwa kipofu.

Nilimwelewa. Macho yake yalifunga utando zamani, hata wajukuu wote hakuwaona sura. Lakini ndani ya nyumba yake huwezi kujua. Kila nguzo anaijua, mtungi anajua ulipo, anachota maji, anapika, anafagia na kunisema kwamba mimi nafagia vibaya. Alipokaa kwetu siku chache baada ya matanga ya baba mkwe, alikuwa mtu mwingine. Alijikunyata karibu na mlango na kuogopa kuinuka, akisubiri ashikwe mkono. Niliumia kumwona vile.

Habari ya karani wa kodi tuliipata Jumapili baada ya ibada. Ametoka upande wa Bukoba, anapita nyumba kwa nyumba pamoja na mkungu wetu, ndiye mkuu wa kijiji, kuwatazama wazee na wasiojiweza walioombewa msamaha. Mvi tu hazitoshi. Lazima karani aone kwa macho yake kwamba mtu hajiwezi na hana kitu.

Ma Angela, jirani yetu, ambaye hakuna jambo lisilomhusu, akanipa somo palepale nje ya kanisa. Nisifagie. Nimvalishe mama matambara. Mbuzi wa mama, yule mmoja, akafungwe kwake mpaka karani aondoke. Nilikubali yote, wala sioni haya kuyaandika. Mbuzi nilimpeleka jana. Leo asubuhi nikamletea mama kaniki iliyotoboka mgongoni.

Aliipapasa, akainusa.

"Koku, mgeni anakuja katika nyumba ya marehemu mume wangu, nawe unaniletea dekio?"

Nikamweleza taratibu kwamba hawa watu wanataka kuona umaskini. Akanijibu kwamba umaskini upo, hauhitaji kuandaliwa. Kisha akaanza kutoa amri kama mwenye harusi. Nikate nyasi mbichi nitandaze sakafuni, zile za zamani nitupe. Niende kuomba kahawa za kutafuna, kwa sababu zake zimekwisha. Huku kwetu mgeni akiingia huwekewa kikapu kidogo cha kahawa, zile zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Kumnyima ni sawa na kumwambia arudi alikotoka. Kwa hiyo nikakimbia kwa Ma Angela, ambaye alinigawia kahawa huku akishika kichwa.

Niliporudi mama alikuwa amefungua sanduku lake na kujifunga shuka jeupe la kitambaa cha marekani, halina doa. Nilijua ni la Krismasi. Alipendeza mpaka nikakata tamaa.

Karani alifika matope yakiwa bado mabichi. Kijana wa watu, kaptura imepigwa pasi, baiskeli ameisukuma kuliko alivyoipanda. Aliiegemeza mlangoni, akavua kofia, akainama kuingia, mkungu nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, waitu, mtu wetu. Usikalie hicho kigoda, mguu wake mbovu. Vuta kile cha ukutani."

Roho ikaniruka. Mama akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo, akakitungua kikapu cha kahawa na kukiweka mbele ya magoti ya karani. Haikudondoka hata punje moja. Niliona fahari na kiama kwa wakati mmoja.

Karani akatafuna. Akatazama nyasi, akatazama shuka. Akamgeukia mkungu.

"Mzee, uliniambia ni kipofu, tena hana kitu."

"Ni kipofu, bwana," mkungu akasema, akikohoa.

"Amenichagulia kigoda."

Nikasema haoni, bwana, kweli haoni. Akaniambia kwa upole kwamba kila nyumba anaambiwa hivyo. Na upole wake ndio ulionitisha, maana mtu mkali unaweza kumlilia akalegea. Akamwambia mama kwamba nyumba yake ni nzuri, na mwenye kuitunza nyumba hivi hawezi kushindwa kodi yake. Mama akasema ahsante. Alidhani amesifiwa!

Wakainuka. Nilikuwa nimeshaanza kukipanga akilini kile chumba chetu cha nyuma, kitanda kikae wapi, mtungi ukae wapi ili aufikie.

Karani na mkungu wakatangulia nje. Mama akawafuata, kwa sababu mgeni husindikizwa. Nilimpa mkono akausukuma, kama anavyousukuma siku zote akiwa kwake. Alitoka kwa mwendo wake wa kawaida, katika mlango anaoutumia tangu alipoletwa kuwa bibi harusi. Pale mlangoni hakuna anayeacha kitu, hata watoto wetu wanajua.

Baiskeli ilikuwa palepale.

Mama na baiskeli wakaanguka pamoja matopeni. Karani alitupa kofia, akamfikia kabla yangu. Nilidhani mama atalilia goti lake. Wapi!

"Shuka langu! Koku, limechafuka? Ni la kuzikiwa hilo!"

Sikujua. Miaka yote hii nikidhani ni la Krismasi, kumbe alilinunua mwenyewe na kulificha sandukuni, ili siku hiyo sisi tusihangaike kumtafutia.

Karani alikuwa bado amemshika. Akapitisha kiganja mbele ya macho yake. Hayakupepesa. Akamuuliza, sauti imeshuka, kwa nini basi amelivaa leo.

"Si umekuja wewe?" mama akasema. "Ningevaa nini?"

Kisha kwenye migomba ikasikika sauti ya Ma Angela, ambaye bila shaka alikuwa amejibanza pale tangu mwanzo, akipiga kelele: hata kahawa ni zangu, nimewaazima, bwana karani, hawana kitu hawa, na yule mbuzi aliyefungwa kwangu...

Mkungu akatazama mawingu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Karani akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akasema mbuzi mmoja si mali. Akatoa leso yake, akamfuta mama matope mikononi, kidole kwa kidole, kisha akaandika amesimama na kumwambia mkungu kwa sauti ya kusikika: huyu mama asidaiwe kodi tena, wala nyumba hii isiguswe. Baiskeli yake aliiinua mwenyewe, akaisukuma taratibu hadi mwisho wa kibanja. Na mama akamsindikiza, safari hii akikubali mkono wangu.

Kashaija aliporudi kutoka shambani nilimsimulia yote, pamoja na habari ya mbuzi. Akacheka, kisha akaenda kwa mama yake, akakaa kwenye nyasi mpya na kumaliza kahawa za Ma Angela zilizobaki. Sijamwona mume wangu akikaa kimya vizuri hivyo tangu mwaka uanze. Mbuzi amesharudi kambani.

Nilipokwenda kulichukua shuka nilimkuta mama akikitundika kikapu mahali pake, bila kupapasa. Nikamwambia nilifue sasa hivi, jua halijazama, likauke nilirudishe sandukuni.

"Fua kesho, au hata wiki ijayo," akasema. "Halina haraka."

Nimeliloweka kwenye beseni. Na lisiwe na haraka, Mungu wangu. Lisiwe na haraka kabisa.